Filamu fupi hospitalini: taa ziwekwe vipi?

Wadau, kwenye filamu zetu sini ya hospitali haikosekani, na mara nyingi ndiyo inayoharibika. Mgonjwa anakata roho, lakini uso wake hauonekani, ukuta tu ndio unang'aa. Tuseme mko Chikongola, Mtwara, mna kamera moja, taa mbili na stori ya mama anayemuuguza mwanae. Mfanyeje?

KIBALI KWANZA. Filamu inahitaji kibali cha Bodi ya Filamu chini ya Sheria Na. 4 ya mwaka 1976. Mkitaka kushuti Ligula, kwenye Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, au zahanati yoyote, ongeeni pia na mganga mfawidhi. Msipige wagonjwa halisi kwa kujificha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Na hata isingekuwepo sheria, nani anataka mama yake aonekane amelala hoi kwenye filamu ya watu?

UMEME. Msichomoe kitu chochote wodini, hata kama mnakiona kimezimwa. Mashine ya oksijeni siyo chaja ya simu. Soketi ya ampea 13 kwa volti 230 inabeba wati 2,990 tu. Taa mbili za halojeni za wati 1,000 na birika la umeme la wati 2,000 kwenye laini moja ni giza kwa wote, na wodini kuna mtu anapumulia huo umeme. Tumieni LED za betri. Halojeni pia huchoma, na penye oksijeni moto hushika kwa kasi ya ajabu.

TYUBU ZA DARINI. Zina matatizo matatu. Zinamulika kutoka juu, hivyo macho yanageuka mashimo. Nyingi zina ukijani unaoifanya ngozi yetu iwe kama majivu. Na kwa umeme wetu wa hezi 50, tyubu za zamani hupepesa mara 100 kwa sekunde, ndiyo ile mistari inayopanda kwenye picha. Dawa: wekeni shata 1/50 au 1/100. Mkiruhusiwa, zimeni tyubu zilizo juu ya kitanda. Zikibaki, rekebisheni rangi ya kamera kwa karatasi nyeupe iliyoshikwa chini ya tyubu hizo hizo.

DIRISHA. Hii ndiyo taa ya bure. Laza mgonjwa ubavu kwa dirisha, upande wa pili simamisha shuka jeupe lirudishe mwanga usoni. Mwanga wa mchana ni kama kelvini 5,600, hivyo LED zenu ziwe hapo hapo. Mtwara ipo nyuzi 10 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo kuelekea mwisho wa Oktoba na wa Februari jua la mchana linakuwa utosini kabisa na haliingii dirishani. Shutini asubuhi au alasiri.

NGOZI NA UKUTA. Kamera ya otomatiki ikiona ukuta mweupe na shuka jeupe inapunguza mwanga, uso unazama. Pimeni mwanga usoni, siyo ukutani. Tandikeni shuka la bluu au kijani.

USIKU. Zimeni zote. Taa moja nje ya mlango, ipenye kama mwanga wa korido. Nyingine ndogo nyuma ya dripu, matone yang'ae. Inatosha kabisa, mtazamaji atajua ni saa nane usiku na mama hajalala.

Mkikosa wodi, msilazimishe. Darasa la shule siku ya Jumapili, kitanda kimoja, pazia na dripu ya maji ya bomba isiyochomwa mtu vinatosha. Filamu inaweza kurudiwa kesho. Mgonjwa aliyezimiwa mashine harudiwi.

Mwenye la kuongeza atiririke hapo chini.