Baiskeli Tuliyoionea Haya

Ukipita jioni mitaa ya Temeke na Kinondoni utawaona vijana wakitesa na baiskeli: rimu zinang'aa, usukani umezungushiwa utepe wa rangi, mwendo wa taratibu ili waonekane. Wenyewe wanadhani wameleta jambo jipya. Kumbe wanarudia ya baba zao.

Tuanze na mavazi. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Oparesheni Vijana: kuanzia Januari mosi 1969, vimini, mawigi na suruali za kubana ni marufuku Dar es Salaam. Baiskeli haikuguswa. Nani angemkamata mtu kwa kupamba chombo cha kazi? Kwa hiyo mpenda maridadi alikuwa na mahali pa kuonyesha fahari yake bila kufukuzwa na mtu.

Baba yangu alikuja kununua Swala, baiskeli iliyotengenezwa hapa hapa Dar na shirika la umma, NABICO, wakati barabarani kumejaa Raleigh za Uingereza na Phoenix za China. Tabu ya Swala ni kwamba zote zilifanana. Ndipo urembo ulipoingia. Baba alilivisha tandiko kitambaa cha kufuma, akatia shanga kwenye spoku, na kwenye kipande cha mpira nyuma ya madigadi akaandikisha neno moja: SUBIRA. Jumapili aliiosha kabla hajaoga mwenyewe.

Kilichoiangusha baiskeli si sheria, ni aibu. Mwaka 1983 serikali iliruhusu mabasi ya watu binafsi. Nauli ilikuwa shilingi tano, yaani dala, na jina likawa daladala. Basi, mtu wa mjini akawa ni yule anayening'inia mlangoni mwa gari. Baiskeli wakaachiwa wauza samaki na wauza mkaa wa kutoka Mkuranga. Ukikatiza nayo kijiweni, masela wanakuuliza, "Mkaa bei gani?"

Nami nilikuwa mmoja wa walioona aibu. Asubuhi baba alinipakia kwenye keria kabla ya kwenda zake kiwandani Chang'ombe. Nilimwomba anishushe kona moja kabla ya shule, nikidai nanunua maandazi. Miaka ikapita ndipo nikashtuka: hela ya maandazi hakuwahi kunipa, wala hakuwahi kuuliza naipata wapi. Mzee alikuwa anajua.

Hata jina baiskeli ilinyang'anywa. Bodaboda za mwanzo zilikuwa baiskeli, zikivusha watu mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda. Leo ukisema bodaboda hapa Dar, ni pikipiki. Na mwendokasi ulipoanza mwaka 2016, Barabara ya Morogoro ilikuwa imewekewa njia ya baiskeli pembeni. Njia ilipopatikana, wengi wetu tulikwishashuka zamani.

Ndiyo maana nawafurahia hawa vijana. Pigeni rangi, fungeni shanga, teseni! Ila mkimpita mzee wa mkaa kwenye Barabara ya Kilwa, magunia yamemzidi kimo, msimcheke. Mpigieni kengele, mumpe shikamoo. Sisi tulipoikimbia baiskeli, yeye ndiye aliyebaki nayo.