Shaba katika akwariamu ya maji ya bahari: ni dawa, ni sumu pia

Shaba, ile ambayo watu wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi wanaita mukuba, haiishii kwenye nyaya za umeme. Inatumika pia kutibu samaki wa bahari wanaofugwa ndani ya akwariamu, yaani sanduku la vioo lenye maji ya chumvi. Lakini hii dawa ni ya kupima: ikipungua, ugonjwa unabaki, ikizidi, samaki wanakufa.

Inatibu nini?

Kuna vijidudu viwili hasa. Cryptocaryon irritans inatia samaki madoa meupe sawa punje za chumvi. Amyloodinium ocellatum inafunika ngozi kama vumbi na kushambulia matamvua. Inaweza kumaliza samaki wote kwa siku chache tu.

Shaba haiui kijidudu kikiwa kimeshika samaki, wala kikiwa ndani ya ganda lake chini ya chombo. Inakiua wakati kinaogelea kutafuta samaki wa kushika. Ndiyo maana madoa yakipotea siku ya nne, huko siyo kupona. Kijidudu kimeshuka tu kuzaana, na kinaweza kurudi kwa wingi.

Kwa nini chombo cha pembeni?

Shaba inaua kamba, kaa, konokono na matumbawe, hata ikiwa kidogo. Tena mchanga na mawe ya matumbawe vinainyonya, kipimo kinashuka kimya kimya. Kwa hiyo karantini inafanyika katika chombo kitupu: kichujio cha sifongo, kipasha joto, na vipande vya bomba la plastiki pa kujificha. Makaa ya kuchujia yanatolewa, juu yanaondoa dawa.

Kipimo

Dawa hizi ni za aina mbili. Shaba huru inatakiwa iwe miligramu 0.15 hadi 0.20 kwa lita. Shaba iliyofungwa na kemikali nyingine inahitaji zaidi, kwa kawaida 1.5 hadi 2.5. Mwenye kuchanganya hizo mbili anaweza kuzidisha mara kumi. Soma karatasi ya dawa, kisha tafuta kipimo cha maji kinacholingana nayo.

• Hesabu maji yenyewe, siyo ukubwa wa chombo. Urefu mara upana mara kimo cha maji kwa sentimita, gawanya kwa 1,000. Sentimita 60 × 30 × 30 ni lita 54. Mtu akikadiria «kama lita 80» na kulenga 0.20, samaki wanapata karibu 0.30.

• Pandisha pole pole, kwa siku mbili au tatu.

• Pima kila siku. Kwa shaba huru, asubuhi na jioni.

• Shikilia kiasi hicho wiki 3 hadi 6. Kikishuka chini ya kiwango, anza kuhesabu siku upya.

• Ukibadilisha maji, maji mapya yatiwe dawa yake kwanza.

Dalili za hatari

Samaki anakataa chakula, anahema mbio, analala chini. Hapo badilisha sehemu ya maji kwa maji safi ya chumvi, rudisha makaa, pima tena. Pima amonia pia, kwa vile shaba inaweza kudhoofisha bakteria wa kichujio. Usichanganye na dawa ya kutuliza amonia kama mtengenezaji hajaruhusu. Mchanganyiko huo unaweza kuua. Papa na taa wasitibiwe kwa shaba, ni wepesi kudhurika.

Huku nyuma, akwariamu kubwa ibaki bila samaki. Ganda la Cryptocaryon linaweza kungoja hadi siku 72 kabla ya kupasuka. Kurudisha samaki mapema ni kuwarudishia ugonjwa.

Onyo kwa wafugaji wetu

Vipimo hivi ni vya maji ya bahari. Wenye samaki wa Tanganyika au tilapia wa kidimbwi wasivichukue: kwenye maji yasiyo ya chumvi, ukali wa shaba unategemea alikalini ya maji, na maji laini yanaufanya kuwa mkubwa zaidi.

Salfeti ya shaba, ule unga wa buluu, iwekwe mbali na watoto. Vaa glavu. Maji yenye dawa yasimwagwe mtoni, na samaki wa akwariamu aliyetibiwa haliwi.