Moto wa Tangawizi katika Nyanda za Buha

Asubuhi ya mwezi wa Julai mjini Kasulu, katika Buha, nchi ya Waha magharibi mwa Tanzania, wakati ukungu ungali umelala mabondeni na watu wanaamkiana "Mwakeye" huku mikono imefichwa ndani ya makoti, mama muuza chai hukitwanga kitonge cha tangawizi katika kinu kidogo cha mti, maganda na yote, kisha akakitumbukiza katika birika lililokwisha kuchemka, na mteja akipiga funda la kwanza, koo likawasha na kijasho chembamba kikamtoka juu ya mdomo, husema kwa yakini kabisa kwamba sasa mwili umepata moto. Nimelisikia neno hilo mara nyingi, na kila nilisikiapo hujiuliza ni moto wa namna gani: ni mwili wenyewe unaoteketeza chakula kwa wingi zaidi, au ni ulimi tu uliodanganyika?

Dhana yenyewe ni kongwe kuliko mji wa Kasulu. Matabibu wa Kiyunani, na baada yao matabibu wa Kiislamu ambao mkubwa wao ni Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, waliigawa dunia nzima ya vyakula na dawa katika vya moto na vya baridi, vikavu na vyenye unyevu, wakaiweka tangawizi na pilipili manga upande wa moto, ziyeyushe belghamu na kuliamsha tumbo lililolegea. Elimu hiyo ilivuka bahari pamoja na majahazi ikafika pwani yetu, na hata leo bibi wa Unguja atamkataza mzazi maji ya baridi na kumpikia uji wa pilipili manga, pasipo haja ya kumtaja Ibn Sina wala kumjua. Jina lenyewe la pilipili manga linabeba hati yake ya safari, kwani Manga ni Uarabuni. Ama pilipili hizi nyekundu za kuwasha ni wageni wa juzi: asili yake ni Marekani, na kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492 hapakuwa na Mswahili, Mhindi wala Muha aliyezionja. Wareno ndio waliozitawanya katika bahari za mashariki, ila sidhani kama kila mche ulioko bara ulihitaji Mreno au mpagazi, maana ndege hawausikii ukali wake hata kidogo. Huila pilipili kichaa kama tunda jingine lolote, wakaidondosha mbegu ukingoni mwa shamba, ikaota pasipo kupandwa na mtu.

Tangawizi haina ndege wa kuibeba. Huhitaji mkono wa mtu na kipande cha tunguu. Njia iliyokuwapo ni ile ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, ambako wasafiri Waingereza Burton na Speke walifika Februari 1858 wakakuta soko lenye samaki, chumvi na mafuta ya mawese. Lakini misafara ilipita kando ya Buha zaidi ya kuingia ndani yake, kwa sababu watawala wa Waha walikuwa hodari wa kutoza hongo, yaani ushuru wa kupita. Mwaka 1871 mwandishi wa habari Stanley, akiharakia Ujiji kumtafuta mmisionari Livingstone, alilipa nguo hata akachoka, na mwisho akaona heri kupita vichakani usiku wa manane kuliko kukutana na mtoza hongo mwingine. Waha kwa upande wao hawakuwa wakingoja biashara iwapandie mlimani. Chumvi ya Uvinza, ambayo ilipikwa kutokana na maji ya chemchemi kwa karne nyingi kabla ya mfanyabiashara yeyote wa pwani kuiona, ilikuwa ndiyo kiungo chao cha kwanza, nayo iliwatembeza nyanda kwa nyanda.

Baadaye mambo yaligeuka, na badala ya pwani kwenda Buha, Buha ikaenda pwani. Reli ya kati ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914, na chini ya Waingereza wilaya za Kasulu na Kibondo zilifanywa ghala la nguvukazi: vijana waliandikishwa kwa maelfu, hasa baada ya kuundwa SILABU, ofisi ya kuandikisha wafanyakazi wa mkonge, mwaka 1944, wakapelekwa Tanga kukata mkonge, wakaitwa manamba kwa sababu ya nambari walizopewa. Mtu aliyekaa Korogwe au Muheza miezi mingi, akinywa chai ya Kiswahili yenye tangawizi kila jioni baada ya kazi, hakurudi kwao na sanduku la nguo tu. Mimi huona kwamba birika la Kasulu linadaiwa zaidi na manamba hao kuliko na tajiri yeyote wa Ujiji. Leo tangawizi ya Buhigwe, wilaya iliyomegwa kutoka Kasulu mwaka 2012, inapakiwa kwa magunia kwenda masoko ya mbali.

Turudi kwenye moto. Mwaka 1997 mtaalamu wa Marekani, David Julius, ambaye alitunukiwa Nobel mwaka 2021, alibainisha pamoja na wenzake kwamba ukali wa pilipili hufungua mlango ule ule wa mshipa wa fahamu ufunguliwao na joto lipitalo nyuzi 43 hivi; kwa hiyo ulimi unaposema unaungua, hausemi uongo, umepokea habari ya moto mahali pasipo moto. Mwili nao huiamini habari hiyo, ukatoa jasho na kuamsha homoni za mshtuko, na hapo ndipo matumizi ya nguvu yanapopanda kidogo. Huko Oxford mwaka 1986, watafiti Henry na Emery waliwapa watu chakula chenye gramu 3 za mchuzi wa pilipili na gramu 3 za mchuzi wa haradali, wakaona uteketezaji umepanda kwa wastani wa robo nzima kwa muda wa saa kadhaa, jambo lililowafurahisha wengi, ingawa uchunguzi wa baadaye haukupata kiasi kikubwa hivyo. Kuhusu tangawizi, jaribio la mwaka 2012 juu ya wanaume kumi wanene, walionyweshwa gramu 2 za unga wake katika maji ya moto pamoja na chakula cha asubuhi, lilipata ziada ya kilokalori 43 hivi tu.

Kilokalori 43 ni nusu ya ndizi mbivu. Kijiko kimoja cha kulia cha mawese kina takriban 120. Na hapa naona ajabu ya swali lenyewe, kwani anayetamani kiungo kimteketezee chakula ni yule aliyekwisha kushiba; katika nyanda hizi, ambako manamba alihesabu posho yake na ambako kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa Wakongo, na Nduta ya Kibondo ikafunguliwa tena mwaka 2015 kwa Warundi, hesabu imekuwa ikienda upande wa pili. Kipimo cha mgao wa mkimbizi ni kilokalori 2,100 kwa siku, na mgao wenyewe ulipunguzwa chini ya hapo mwaka 2017, wala sijasikia mtu wa huko akitafuta kiungo cha kumpunguzia hizo zilizobaki.

Mama wa Kasulu hajali hesabu hizi. Akishaimimina chai, hufungua kopo, akachota sukari vijiko vitatu vilivyojaa, kila kimoja cha kilokalori 16 au zaidi, akakoroga bila kumwuliza mteja, akasukuma kikombe mbele yake.