Göteborg 1955: Bodi tatu, kipigo kimoja

Raundi ya 14 ya mashindano ya sataranji ya Göteborg, Uswidi, mwaka 1955, iliwakutanisha Waargentina watatu na Wasovieti watatu siku moja. Miguel Najdorf alipangiwa Paul Keres, Oscar Panno akapangiwa Efim Geller, na Herman Pilnik akapewa kijana Boris Spassky. Waargentina wote walishika kete nyeusi, na wote wakacheza Ulinzi wa Sisilia, tena kwa mkondo unaoitwa kwa jina la Najdorf mwenyewe.

Najdorf alikuwa Myahudi wa Poland. Alifika Buenos Aires mwaka 1939 kucheza Olimpiadi ya sataranji, vita vikalipuka Ulaya, akabaki huko huko. Argentina ya zama hizo haikuwa ya kubezwa: ilishika nafasi ya pili katika Olimpiadi za 1950, 1952 na 1954.

Mkondo wake hutambulika kwa hatua ya tano ya mweusi: askari wa pembeni anasogea nyumba moja tu, hadi a6, ili kete za mpinzani zisitue b5. Göteborg, watatu hao walikuja na dawa waliyoipika pamoja. Hatua ya tisa walimtoa askari wa g5 aliwe, wakitaraji farasi wao apate kiti kizuri e5.

Geller akawaza, kisha farasi wake akala e6 na kujitoa mhanga. Malkia akaruka h5 kumtisha mfalme, mfalme akakimbilia f8. Halafu, hatua ya 13, askofu akatua b5, mdomoni kabisa mwa askari yule yule wa a6! Keres na Spassky wakafuata njia hiyo hiyo. (Kuchungulia bodi ya jirani si kosa, michezo inachezwa mbele ya macho ya wote.) Panno akajibu kwa farasi e5, Najdorf na Pilnik kwa mfalme g7, na wote watatu wakafungwa.

Wengi waliulaumu mkondo. Mimi nawalaumu wapishi: waliandaa chungu kimoja kwa watu watatu, na hakuna aliyekionja vya kutosha.

Mwaka 1958, mjini Portorož, Bobby Fischer wa miaka 15 alimruhusu Svetozar Gligorić acheze hatua zile zile hadi ya 13. Badala ya farasi au mfalme, akasogeza ngome h7. Mchezo ukaisha sare, na Fischer akatoka Portorož akiwa bingwa mkuu mdogo kuliko wote duniani wakati huo.