Tekno ni ya nani? Kosa langu la sentensi moja

Nimekuwa kimya hapa kijiweni kwangu karibu wiki tatu. Wapo walionitumia ujumbe kuuliza kama naumwa, au kama nimeoa kimya kimya bila kuwaalika. Hapana jamani, ni mzima na bado kapera. Nilikuwa nasoma na kusikiliza muziki, na kilichonifanya nisome ni aibu.

Ilikuwa hivi. Machi 2024 Tume ya UNESCO ya Ujerumani ilitangaza kwamba utamaduni wa tekno wa Berlin umeingizwa kwenye orodha ya taifa hilo ya urithi wa utamaduni usioshikika. Mhariri alinikabidhi habari hiyo niitafsiri, maneno mia mbili, ya kujazia ukurasa wa burudani. Nikaitafsiri. Halafu, kwa ile tabia yetu ya kutia chumvi ili habari ikolee, nikaongeza sentensi yangu mwenyewe kwamba Berlin ndiko "muziki wa tekno ulikozaliwa". Habari ya awali haikusema hivyo. Nilisema mimi.

Gazeti likatoka, siku ikapita, nikasahau. Mwezi uliopita nikaenda Magomeni kumhoji mzee mmoja aliyekuwa DJ hapa Dar miaka ya themanini, enzi ambazo santuri mpya uliipata kwa baharia au kwa mhudumu wa ndege. Nikabisha hodi, nikatoa shikamoo. Akaitika marahaba, akaingia ndani, akarudi na kipande cha gazeti ndani ya mfuko wa nailoni. Kilikuwa changu, na sentensi ile imepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu.

"Mwanangu," akasema, "umesoma mpaka Mlimani halafu unaandika hivi? Detroit umeiweka wapi?"

Sikuwa na jibu. Bahati nzuri (au mbaya) alikuwepo mpwa wake, kijana wa rika langu anayepiga muziki kwenye maharusi kwa kompyuta ndogo, amapiano na singeli. Akadakia: "Mjomba, hayo ya zamani nani anayajali? Hausi iko hai leo kuliko enzi zenu." Hapo ukazuka ubishi wa saa mbili, chai ikapoa, na mimi nimekaa katikati nimefunga daftari. Mzee alikataa kuhojiwa. Akaniambia nikajifunze kwanza, kisha nirudi. Haya ndiyo niliyojifunza.

Tuanzie Chicago. Mwaka 1977 jamaa aitwaye Robert Williams alifungua klabu kwenye jengo la zamani la viwanda, namba 206 mtaa wa South Jefferson. Alitaka DJ wa New York. Aliyemtaka kwanza, Larry Levan, hakuja. Akaja rafiki yake Levan, Frankie Knuckles, mzaliwa wa Bronx wa mwaka 1955. Klabu ikaitwa Warehouse, yaani ghala. Waliokuwa wakijaa pale walikuwa hasa vijana weusi na Walatino, wengi wao wapenzi wa jinsia moja, watu ambao milango mingi ya mji ule ilikuwa mizito kwao. Najua wapo watakaokunja uso kusoma hili, lakini ndivyo ilivyokuwa, na mimi nimeshapata adabu ya kuandika historia nusunusu. Vijana walipokwenda dukani kununua santuri walizosikia kwa Frankie waliulizia muziki wa Warehouse, na kwa maelezo yanayokubaliwa na wengi, kifupi cha jina hilo ndicho kilichobaki: hausi.

Kabla muziki huo haujafika mbali, kuna usiku mmoja ambao wapenzi wa muziki huu huutaja mpaka leo kama watu wanavyotaja msiba. Tarehe 12 Julai 1979, kwenye uwanja wa besiboli wa Comiskey Park, mtangazaji wa redio Steve Dahl aliandaa kituko: njoo na santuri ya disko, uingie kwa senti 98. Santuri zikarundikwa uwanjani na kulipuliwa kwa baruti katikati ya mechi mbili. Maelfu ya watu wakavamia uwanja, mechi ya pili ikashindikana, na wenyeji White Sox wakapoteza mechi mezani. Wageni waliopewa ushindi walikuwa Tigers wa, hebu kisia, Detroit.

Kijana mweusi Vince Lawrence alikuwa kazini uwanjani usiku ule, akiwaonyesha watu viti vyao. Amesimulia mara nyingi kwamba alichokiona kwenye santuri zilizoletwa hakikuwa disko tu. Zilikuwemo za wasanii weusi wa kila namna, ilimradi ni weusi. Miaka mitano baadaye, 1984, Lawrence huyo huyo alishirikiana na Jesse Saunders kutoa "On and On", santuri ambayo wengi huitaja kuwa ya kwanza ya hausi kutengenezwa na kuuzwa.

Nimeandika "wengi" kwa makusudi, maana hapa ndipo washabiki hushikana mashati. Wapo wanaosema Jamie Principle alikuwa na "Your Love" kwenye kanda, ikipigwa klabuni, kabla haijawa santuri ya dukani. Wapo wanaosema baba halisi si Knuckles bali Ron Hardy wa klabu ya Music Box, aliyekuwa akiharakisha santuri na kuzipiga kinyumenyume. DJ Pierre wa kundi la Phuture husimulia kwamba walipompelekea Hardy wimbo wao "Acid Tracks", aliupiga mara ya kwanza watu wakaondoka ukumbini, akaurudia, akaurudia tena, na mara ya nne ukumbi ukapagawa. Wimbo huo ulitoka kwenye santuri mwaka 1987, na mlio wake ni wa kimashine kidogo cha Roland, TB-303, kilichobuniwa ili kumsaidia mwanamuziki asiye na mpiga besi. Biashara yake ilikufa haraka, na vijana wakakiokota kwa bei ya kutupa.

Halafu kuna jambo ambalo lilinifanya nicheke peke yangu usiku wa manane. Mwaka 1982, huko Bombay, mpiga vyombo wa muziki wa filamu za Kihindi aitwaye Charanjit Singh alitumia TB-303 hiyo hiyo kutoa albamu ya raga za kale juu ya mapigo ya disko. Haikuuza. Ilipotolewa upya mwaka 2010 watu walidhani ni utani, maana ilisikika kama muziki wa Chicago uliokuja miaka mitano baadaye. Chicago hawakumsikia, kwa hiyo si baba wa mtu. Lakini mjumuishe kwenye ubishi wowote wa "nani alianza" uone watu wanavyonyamaza.

Sasa Detroit, mahali nilipopasahau. Vijana watatu weusi, Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson, walisoma shule moja huko Belleville, nje kidogo ya mji. Detroit yenyewe ilikuwa inaporomoka. Mwaka 1950 ilikuwa na watu zaidi ya milioni 1.8, na kufika 1990 walibaki kama milioni moja, viwanda vya magari vikipunguza watu na kuweka mashine. Usiku vijana hao walisikiliza redio, kipindi cha mtangazaji aliyejiita Electrifying Mojo, aliyeweza kumpiga Prince, akafuatisha Parliament, kisha Kraftwerk wa Ujerumani, bila kuomba radhi. Atkins na mwenzake Rik Davis walijiita Cybotron, wakatoa "Alleys of Your Mind" mwaka 1981. Mwaka 1985 Atkins, kwa jina la Model 500, akatoa "No UFOs" chini ya lebo yake mwenyewe, Metroplex. Sikiliza wimbo huo halafu uniambie kama kuna haja ya kubishana. Hakuna sauti ya kubembeleza mle, ni mji wa viwanda unaojisemea.

Jina nalo lina kisa chake. Mwaka 1988 kampuni ya London iliandaa mkusanyiko wa nyimbo za Detroit, na mpango ulikuwa kuuita sauti ya hausi ya Detroit, uende sambamba na ile ya Chicago iliyokuwa ikiuza vizuri Uingereza. Atkins akaleta wimbo wenye neno "tekno" kwenye jina lake, kichwa cha albamu kikabadilishwa. Kwa hiyo mpaka kati ya hausi na tekno, ambao leo watu wanautetea kama mpaka wa nchi, kwa sehemu uliwekwa na wauzaji santuri wa London. Wenyewe walikuwa wanatembeleana. Inasimuliwa kwamba Derrick May ndiye aliyemuuzia Knuckles mashine ya ngoma ya TR-909, akaisafirisha mwenyewe kutoka Detroit.

Niwatendee haki Wajerumani, maana mpwa wa mzee aliwatetea na hakuwa amekosea kila kitu. Kraftwerk ni wa Düsseldorf. "I Feel Love" ya Donna Summer, 1977, ilitengenezwa Munich. Kule Frankfurt DJ Talla 2XLC alikuwa na usiku wa Technoclub tangu 1984, kabla ya ile albamu ya London. Na ukuta wa Berlin ulipoanguka Novemba 1989, vijana wa pande mbili walikutana kwenye majengo matupu ambayo mwenyewe hajulikani. Machi 1991 ikafunguliwa Tresor, ndani ya chumba cha hazina chini ya duka kubwa la zamani, na santuri ya kwanza ya lebo yake ilikuwa ya watu wa Detroit, kundi la Underground Resistance. Mwaka 1993 lebo hiyo ikatoa mkusanyiko ambao jina lake linautaja wazi ushirika wa Berlin na Detroit. Maana yake ni kwamba waliofungua mlango Berlin hawakuficha mgeni wao katoka wapi. Mimi wa Dar ndiye niliyemficha.

Mzee hakukasirikia jina tu. Kuna hela. Hausi ilikuwa namba moja Uingereza Januari 1987, "Jack Your Body" ya Steve "Silk" Hurley, wakati Marekani kwenyewe watu wengi hawajui kinachoendelea. Santuri za Trax ya Chicago zilijulikana kwa kukwaruza kwa sababu ya plastiki iliyoyeyushwa na kutumika tena. Larry Heard, aliyetengeneza "Can You Feel It", pamoja na mwimbaji Robert Owens, waliishtaki Trax mwaka 2020, wakidai mirabaha ya miaka mingi. Kesi ikaisha kwa makubaliano mwaka 2022, wakarudishiwa haki za nyimbo zao. Miaka thelathini na zaidi! Mwaka huo huo wa 2022 Beyoncé alitoa "Renaissance", albamu iliyojaa hausi, na Black Coffee wa Afrika Kusini akachukua Grammy ya muziki wa dansi wa elektroniki. Lile jengo la South Jefferson lilitangazwa kuwa la kumbukumbu na mji wa Chicago mwaka 2023. Frankie hakuliona hilo, alifariki Machi 2014.

Kuhusu zamani na sasa, pale Magomeni mzee alisema DJ wa leo habebi kitu, anabonyeza tu na kompyuta inalinganisha mapigo yenyewe. Nakubaliana naye nusu. Kuchanganya santuri kwa mkono ni ufundi, na nimejaribu kwake nikaaibika mara ya pili. Lakini lawama kwamba "mashine ndiyo inayopiga" walitupiwa hao hao anaowaheshimu, waliotumia kimashine kilichokataliwa na wanamuziki wa kweli. Mpwa naye alikosea kudhani kwamba kitu kikiwa hai basi historia yake haina kazi. Amapiano anayoipiga kila Jumamosi ina hausi ndani yake, na hausi hiyo ilifika Afrika Kusini kwa santuri na kaseti za watu wenye majina.

Jumapili nikarudi Magomeni. Mhariri amekataa kuchapisha masahihisho, anasema habari ni ya zamani mno. Mzee akasoma haya yote kwenye simu yangu, akiishika mbali kama kioo cha kunyolea. Akanisahihisha tahajia mbili. Kisha mpwa akawasha singeli yake, madirisha yakatetemeka.

"Hiyo inakwenda mapigo mangapi kwa dakika?" mzee akauliza.

"Zaidi ya mia mbili, mjomba. Wazungu wanaicheza huko Ulaya kwenye klabu za tekno."

"Nani aliianzisha?"

Mpwa akataja studio ya Sisso, Mburahati, na ule mkusanyiko uliotolewa Kampala na Nyege Nyege Tapes mwaka 2017. Mzee akanigeukia, akanionyesha daftari kwa kidole. Nikafungua, nikaanza kuandika. Jirani aliyekuwa amesimama mlangoni na ndoo yake akasema hapana, hao wamekuja baadaye, singeli ilikuwepo kwenye vigodoro kabla yao, na yeye anawajua waliokuwa wakiipiga.