Kampuni ya Gesi ya East Ohio na Mizani ya Vitanga Viwili

Historia ya makampuni yauzayo gesi aghalabu huandikwa kwa hesabu ya mabomba na wateja. Hesabu hiyo ni ya kweli, walakini si timilifu. Kampuni ya namna hii huhusiana na watu wa aina tatu: mwenye mtaji, atakaye faida; mnunuzi, atakaye bei nafuu; na jirani, atakaye kulala salama. Habari za East Ohio Gas Company, ya kaskazini-mashariki mwa jimbo la Ohio huko Marekani, zaonyesha jinsi wawili wa kwanza walivyotafutiwa mizani, na wa tatu akasahauliwa mpaka msiba ulipomtaja.

Kampuni hiyo iliundwa mwaka 1898 chini ya Standard Oil, shirika kubwa la mafuta la John D. Rockefeller. Kabla yake mji wa Cleveland ulitumia gesi iliyopatikana kwa kuoka makaa ya mawe katika tanuri. Gesi ya asili ilikuwa bora: ilitoka ardhini tayari, na joto lake lilikuwa kubwa zaidi. Sehemu kubwa ilivutwa kwa mabomba kutoka West Virginia, ambako Hope Natural Gas, kampuni dada iliyoundwa mwaka ule ule, ilikuwa na visima vyake.

Udugu huo ndio uliozaa ugomvi wa kwanza. Muuzaji na mnunuzi wakiwa watoto wa mama mmoja, nani atakayehakikisha kwamba bei baina yao ni ya haki? Mwaka 1938 miji ya Cleveland na Akron ilishitaki kwa tume ya serikali kuu iliyosimamia nishati kwamba bei ya Hope ilikuwa kubwa mno. Mwaka 1942 tume iliamuru ipunguzwe kwa zaidi ya dola milioni 3 na nusu kwa mwaka. Kampuni haikuridhika, na shauri likafika Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani, ambayo tarehe 3 Januari 1944 iliunga mkono tume. Majaji walisema kwamba kazi ya kupanga bei ni kupima maslahi ya mwenye mtaji na ya mnunuzi, na kwamba linalotazamwa ni matokeo, si kanuni ya hesabu iliyotumika. Hukumu hiyo hutajwa na wanasheria hata leo. Mizani yake ilikuwa na vitanga viwili tu, wala si ajabu, kwa sababu shauri lilihusu bei.

Lakini wakati huo huo kampuni ilikuwa na shida nyingine. Bomba lina kadiri yake, na baridi haina adabu: siku ya theluji kali kila nyumba hutaka gesi kwa pamoja. Dawa iliyopatikana ilikuwa kuipoza gesi mpaka nyuzi 157 za Selsiasi chini ya sifuri, ikawa maji, na ujazo wake ukapungua kiasi cha mara 600. Mwaka 1941 matangi matatu ya mviringo kama mpira yalianza kutumika mjini Cleveland, karibu na ziwa Erie. Baadaye, katika siku za vita, likaongezwa tangi la nne, lenye umbo la pipa, kubwa kuliko kila moja la yale ya kwanza. Karibu nayo palikuwa na mtaa wa wafanyakazi, wengi wao wahamiaji wa Kislovenia na watoto wao.

Alasiri ya Ijumaa, tarehe 20 Oktoba 1944, tangi la nne lilipasuka. Mvuke mzito wa baridi ulitambaa barabarani, ukaingia katika mifereji ya maji machafu, ukashika moto. Vifuniko vya mifereji vilirushwa juu, na nyumba zikawaka kutoka chini. Dakika kama 20 baadaye tangi jingine lilianguka, miguu yake ikiwa imelegezwa na joto. Watu 130 walikufa, na wengi hawakuweza kutambulika. Waliozoea kuweka akiba zao nyumbani walipoteza nyumba na akiba pamoja.

Uchunguzi wa idara ya madini ya serikali, uliotolewa mwaka 1946, uliitazama feleji ya tangi, yenye nikeli ya asilimia 3 na nusu. Katika baridi ile kali madini hayo huwa mepesi kuvunjika kama kioo. Aidha hapakuwa na kuta za kutosha kuzuia kiowevu kisimwagike mbali. Kampuni iliwalipa fidia wakazi na jamaa za wafanyakazi wake waliokufa. Anton Grdina, kiongozi wa jamii ya Waslovenia, alisimamia ujenzi wa nyumba mpya mtaani. Gesi ya akiba ikahifadhiwa chini ya ardhi.

Kampuni imebadili wenyewe mara nyingi. Tangu mwaka 2024 imo mikononi mwa Enbridge ya Kanada. Jambo lisilobadilika ni hili: mwaka 1944, kati ya Januari na Oktoba, bei ya gesi ilipimwa na majaji wakuu wa nchi, na umbali kati ya tangi na kitanda cha mtoto ukapimwa na moto. Mnunuzi aliyepunguziwa bei na jirani aliyeunguliwa na nyumba yamkini alikuwa mtu mmoja. Sheria iliyomjua kwa jina la kwanza haikuwa imejifunza bado kumwita kwa jina la pili.