Kutoka Shorten Hadi FLAC: Jinsi Muziki Ulivyohama Bila Kupungua

Mwaka 1984 bendi ya Grateful Dead ya California iliwatengea mashabiki wenye vinasa sauti eneo lao ukumbini, wasimamishe mikrofoni na kurekodi onyesho zima. Sharti lilikuwa kwamba kanda zibadilishwe bure, zisiuzwe. Hapo ikakua jamii kubwa ya watu waliotumiana kanda kwa posta katika pembe zote za Marekani, na ni jamii hiyo, kuliko kampuni yoyote, iliyotufundisha namna ya kuhamisha muziki kutoka fomati moja hadi nyingine bila kuuchubua.

Adui wao mkubwa alikuwa mvumo. Aliyewahi kuazima kanda ya taarabu akairudufu, kisha jirani akarudufu nakala ile, anajua ilivyokuwa: kila nakala iliongeza kelele, mpaka fidla zikasikika kama zinapigwa nyuma ya pazia. Kompyuta iliahidi kumaliza mateso hayo. Ila ilikuja na MP3, ambayo hupunguza uzito wa faili kwa kuitupa sauti inayodhaniwa sikio halitaikosa. Ukiifungua MP3 na kuibana upya, inatupa tena. Kwa watu waliokuwa wakipigana na mvumo tangu enzi za kaseti, huo ulikuwa ugonjwa ule ule kwa jina jipya, wakaipiga marufuku katika mabadilishano yao.

Tatizo ni kwamba sauti ya CD ni nzito. Kila sekunde ina sampuli 44,100 kwa kila chaneli, kila sampuli biti 16, na chaneli ni mbili. Saa moja ya muziki inafika megabaiti 635 hivi. Hata ukiipunguza kwa nusu, kwa modemu ya simu ya kilobiti 56 ungeisubiri zaidi ya saa 12.

Dawa ilitoka mahali ambapo hakuna aliyekuwa akifikiria gitaa. Tony Robinson, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge aliyeshughulika na kompyuta kutambua usemi wa binadamu, alitengeneza programu iitwayo Shorten na kuieleza katika ripoti ya mwaka 1994. Programu hiyo hukisia sampuli inayofuata kwa kutazama zilizotangulia, kisha huhifadhi tofauti tu kati ya kisio na ukweli. Tofauti hizo huwa ndogo, na huandikwa kwa mbinu ya Robert Rice, mhandisi wa Jet Propulsion Laboratory aliyeibuni kwa ajili ya data za vyombo vya angani. Faili ikifunguliwa, kila biti inarudi mahali pake.

Mwaka 1998 wapenzi wa rekodi za maonyesho walianzisha etree, mtandao wa kubadilishana muziki kupitia intaneti, na Shorten ikawa fomati yao. Hapo ndipo dosari ndogo ndogo zilipojitokeza, na mojawapo inastahili kutazamwa kwa karibu.

Sekunde moja ya CD imegawanywa katika vipande 75, kila kimoja kikiwa na sampuli 588. Mtu akikata rekodi ya onyesho kuwa nyimbo mbalimbali bila kufuata mipaka hiyo, kipande cha mwisho cha wimbo hubaki na nafasi tupu, na programu ya kuchoma CD huijaza kwa ukimya. Ukimya wenyewe haufiki hata sehemu ya hamsini ya sekunde, lakini sikio linaunasa: tiki! Grateful Dead walikuwa wakiunganisha nyimbo bila kupumua, “Scarlet Begonias” ikiyeyukia ndani ya “Fire on the Mountain”, na tiki hiyo iliangukia hapo hapo kwenye mshono. Programu ya shntool iliwaokoa. Ilizichukua sampuli zisizotosha kujaza kipande mwishoni mwa wimbo mmoja, ikazihamishia mwanzoni mwa unaofuata. Hakuna sampuli iliyotupwa. Mpaka tu ulisogezwa.

Dosari ya pili ilikuwa nzito zaidi. Ili kuthibitisha kwamba nakala imefika salama, kila rekodi ilisafiri na karatasi ya namba za MD5, yaani alama za utambulisho zenye herufi na tarakimu 32. Alama hizo zilipimwa kwenye faili ya Shorten, si kwenye sauti iliyomo. Ukibadilisha fomati, faili inakuwa nyingine, na alama yako ya zamani haina la kukuambia.

Mwandishi wa programu Josh Coalson alipoanza kuunda fomati mpya, FLAC, mwaka 2000, aliliona hilo. Toleo la 1.0 lilitoka Julai 2001, na mwaka 2003 mradi ukajiunga na shirika la Xiph.Org. FLAC ni huru, haina ada ya leseni, na inakuruhusu kurukia katikati ya wimbo bila shida. Lakini kwangu mimi sifa yake kuu ni hii: huipima sauti yenyewe kabla ya kuibana, kisha huiandika alama ile kichwani mwa faili. Ibane kidogo, ibane sana, ifungue na kuibana tena miaka kumi baadaye. Sauti ikiwa ile ile, alama inabaki ile ile. Wabadilishanaji wakaanza kusambaza orodha za alama za FLAC pamoja na rekodi, na kuhama kutoka Shorten kukawa jambo la kuthibitishika, si la kuaminiana tu.

Apple nao wakaja na fomati yao, ALAC, mwaka 2004. iPod haikucheza FLAC, kwa hiyo wenye makusanyo makubwa walilazimika kuyageuza yote. ALAC ilikuwa imefungwa, mpaka David Hammerton alipoichambua na kutoa programu ya kuifungua mwaka 2005. Apple wenyewe waliiweka wazi Oktoba 2011. Kwa upande wa FLAC, maelezo yake rasmi yalichapishwa na IETF, chombo cha viwango vya intaneti, Desemba 2024 kama RFC 9639, ili yeyote aweze kuandika programu ya kuisoma hata waasisi wake wakiondoka.

Leo kugeuza FLAC kuwa ALAC na kuirudisha hakuipunguzii sauti chochote, mradi usiishushe rekodi ya biti 24 kuwa ya biti 16 njiani. Wala MP3 haiponi kwa kuvikwa FLAC, kilichotupwa kimetupwa.

Kinachopotea siku hizi ni maandishi. FLAC huhifadhi majina ya nyimbo kwa utaratibu mmoja, ALAC kwa mwingine, na programu ya kugeuza huviacha njiani vipengele isivyovitambua. Mabingwa wa etree walilijua hilo mapema. Kila rekodi waliiambatanisha na faili ya maandishi matupu: ukumbi, tarehe, aina ya mikrofoni, kinasa kilichotumika, na kila hatua ambayo sauti ilipitia hadi kuingia kwenye kompyuta. Alama ya MD5 itakuhakikishia kwamba sauti haijaguswa. Haitakuambia ni usiku gani, wala nani aliyesimama na mikrofoni.